Suus Si Mchwa

Bado nina hasira. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asisome huku akingoja nitulie, kwa sababu sitatulia. Kila nikienda shambani kwa mama, kando ya mto Tana, mwendo mfupi tu kutoka mjini Garissa, nikaviona vile visiki tisa, naanza kutukana upya. Namtukana mdudu. Namtukana bwana shamba aliyekuja na viatu vilivyong'arishwa. Namtukana jirani. Nikishawamaliza hao nabaki mimi, na hapo matusi huwa makali zaidi.

Mama hakuzaliwa mkulima. Alizaliwa upande wa Modogashe, katika watu wa ng'ombe na ngamia, watu ambao kwao jembe ni kitu cha mtu mwingine. Ukame ulipommalizia mifugo, alihamia Garissa na sisi watoto, akapata kipande cha ardhi karibu na mto, akaanza kupanda. Ndugu zake walimcheka. Walikuja kumsalimia wakamkuta matope yamemfika magotini, wakasema amegeuka chura. Alikula maembe ya ngowe ya sokoni, akaziosha kokwa, akazikausha kivulini, akazipasua kwa kisu polepole asije akaumiza mbegu iliyo ndani, akazipanda kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia aliyoitoboa chini kwa msumari. Miche iliyoota na kusimama ilikuwa kumi na minne. Aliihamishia shambani mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, akiibeba kifuani kama watoto wa mbuzi.

Miti hiyo ndiyo iliyotulea. Ndiyo iliyonipeleka shule, tena shule ya bweni huko chini, kama tunavyoita Kenya ya ng'ambo ya mto, ambako wenzangu walinicheka kwa kusema "bikibiki" badala ya pikipiki. Nilikesha na ulimi wangu mpaka nikaunyoosha. Nikawa nasema p yenye upepo na v yenye kuuma mdomo, nikawa napewa zawadi za insha ya Kiswahili mbele ya watoto waliozaliwa nacho. Niliporudi Garissa na kuajiriwa ofisini, kila mzee wa mtaani mwenye barua au daktari wa kuzungumza naye alinitafuta mimi. Mama alinitafuta kuliko wote. Nilikuwa mdomo wake, na nilijivuna.

Wale waliomwita chura nao hawakukaa mbali. Msimu wa maembe ulipofika walituma magunia matupu, na mama aliyajaza. Hata Tana ilipofurika, maji yakakaa shambani wiki nzima na kuzoa migomba na mipapai, miembe yote kumi na minne ilibaki imesimama. Mama alifuta matope kwenye mashina kwa kanga kuukuu, shina moja baada ya jingine, akasema sasa Alhamdulillahi, hii haina tena cha kuogopa.

Jirani yetu wa shamba la pili huuza kuni kwa mahoteli ya mjini. Si mtu mbaya, lakini ni mtu ambaye ukimweleza jambo anakutazama kama unamuuzia kitu. Mwaka ule alileta magogo ya miembe kwa lori kutoka ng'ambo ya daraja la Tana, akayapanga kwenye ua wetu wa miiba, upande wake, yakakaa miezi. Watu wa umri wa mama wakivuka daraja lile bado husema wanakwenda Kenya, kana kwamba huku si Kenya. Wana sababu zao. Mimi mwenyewe nimeshushwa garini hapo na polisi mara nisizoweza kuzihesabu, nikaambiwa nitoe kitambulisho, nikaulizwa baba yangu alizaliwa wapi na babu yangu alizaliwa wapi. Lori lile lilipita na mdudu mgeni ambaye wanasema asili yake ni bara Asia, amejilalia ndani ya gogo, na hakuna aliyemuuliza babu yake ni nani.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Chini ya mti mmoja ulio karibu na ua palikuwa na unga wa mbao, mbichi, wenye unyevu, umerundikana kama ule unaoachwa na fundi seremala. Juu yake, kwenye shina, palikuwa na michirizi myeusi ya utomvu. Aliufagia unga jioni, asubuhi akaukuta tena. Basi akafanya kitu ambacho mimi nisingefanya: aliweka sikio kwenye shina akanyamaza. Akaniambia anasikia mtu akitafuna.

Wakati huo kulikuwa na mradi mmoja mdogo uliokuwa ukisaidia mashamba ya kando ya mto. Siku hizi umefungwa na aliyeuendesha sijui alikokwenda. Ulikuwa na bwana shamba wake, mtu wa kutoka chini, mpole wa maneno, mwenye haraka. Nilimwita. Alikuja saa tano asubuhi, jua limeshapanda, akasimama kwenye kivuli cha mti wa kwanza huku ameshika fomu. Viatu vyake viling'aa, na nadhani viatu vile ndivyo vilivyoamua mambo, maana palikuwa pamemwagiliwa maji na hakutaka kusogea.

"Mama, shida ni nini?" aliuliza.

Mama alinitazama, kama alivyozoea, akasema kwa Kisomali, "Geedka suus baa ku jira."

Hapo ndipo nataka msomaji asimame. Neno suus ni la kwetu, na ni la Waarabu kabla yetu. Mimi, mtoto wa mjini, nililijua mahali pamoja tu: mdomoni. Jino likioza tunasema limeingia suus. Nilipokuwa mdogo mama alininyima peremende kwa neno hilo. Kwa hiyo nilichosikia ni kwamba mti una jino bovu.

"Suus kivipi, hooyo?" nilimuuliza.

"Suus. Uko ndani. Nje mti ni mzima, ndani unaliwa kama jino. Mwambie aje asikilize."

Mwambie aje asikilize. Nikamwangalia mtu yule na fomu yake na kalamu yake. Nikajiona namwambia kwa Kiswahili changu safi, chenye zawadi, kwamba mama yangu anasema mwembe unaumwa jino na anamwomba aweke sikio kwenye gome. Niliona haya. Neno lenyewe ni hilo, haya, na sitalipaka rangi. Niliona haya kwa mama yangu mbele ya mtu aliyeogopa matope. Nikautazama ule unga chini ya mti, nikakumbuka kwamba unga wa mbao huletwa na mchwa, nikaona nimemwokoa mama na aibu.

"Anasema ni mchwa," nikamwambia.

"Nilijua tu," akasema bwana shamba, akaandika.

Hakuinama. Hakubandua hata kipande cha gome. Alitoa kwenye gari mkebe wa dawa ya mchwa, akanieleza namna ya kuichanganya na kuimwaga kwenye mizizi, akampiga mama picha ameshika mkebe, akaondoka. Alikaa kwetu muda usiotosha kuchemsha chai. Mama aliufuata mkebe ule kwa macho kama mtu aliyeletewa kiatu cha mguu mmoja.

"Hii ni dawa ya aboor," alisema. Aboor ndiye mchwa. "Mimi sikusema aboor."

"Hooyo, amesomea kazi hii," nikamjibu. "Na mimi nimemweleza kila kitu."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia sura yoyote ya Kurani chuoni. Nimemweleza kila kitu. Mwongo mkubwa.

Ninachoshindwa kumeza ni kwamba aliniamini. Mama ni mtu anayebishana na muuza nyama mpaka muuza nyama anaomba msamaha. Alikuwa ameweka sikio lake mwenyewe kwenye mti, akasikia kwa sikio lake mwenyewe. Lakini alikuwa amenisomesha kwa miembe ile ili niwe na maneno ambayo yeye hana, na maneno hayo yalikuwa yamesema mchwa. Akachanganya dawa. Kila wiki, miezi mitano, alibeba ndoo kutoka mtoni akaimwaga kwenye mizizi ya miti kumi na minne, na kila wiki niliyokuja nilimuuliza kama anafuata maagizo. Alisema anafuata.

Huku juu, yule aliyekuwa ndani aliendelea kula. Mti wa kwanza ulikauka upande mmoja. Majani yalibadilika rangi yakabaki yamening'inia bila kuanguka, jambo ambalo halipendezi kulitazama. Ukafuata wa pili, ukafuata wa tano uliokuwa mbali kidogo. Kwenye mashina palitokea matundu ya mviringo ambayo kidole kinaingia. Nilimpigia bwana shamba, akaniambia tuongeze kipimo. Nilimpigia tena, simu haikupokelewa. Siku moja mama aliniletea mbawakawa aliyemkuta kwenye gome, mkubwa, wa kijivu, mwenye madoa na vipapasio virefu kuliko mwili wake. Alikuwa amemfunga kwenye pembe ya shungi lake. Nikamwambia wadudu wako wengi kando ya mto. Nilikuwa na kazi nyingi wiki ile.

Halafu ikawa Ijumaa, baada ya swala, tumekaa tunakula, mti wa tatu ukavunjika. Hapakuwa na upepo wa maana. Shina lilikatika kwenye usawa wa kifua cha mtu, juu likaanguka pamoja na maembe mabichi yaliyokuwa yameanza kushika rangi. Tulikwenda kutazama. Ndani ya shina palikuwa na njia, na njia ndani ya njia, zimeshindiliwa unga, na katika moja alikuwamo buu mnene kama kidole gumba, mweupe kama samli iliyoganda, mwenye kichwa cheusi na meno. Mama alimtoa kwa kijiti, akafungua kiganja changu, akamweka.

"Haya," akasema. "Msalimie mchwa wako."

Nilimshika mdudu yule akijinyonganyonga kiganjani mwangu, na nikaelewa neno lote kwa mara moja, upana wake wote, kwamba suus ni kila kinacholiwa kutoka ndani, jino, nafaka, mbao, mti. Mama alikuwa amesema jina kamili la ugonjwa siku ya kwanza, kwa lugha yake na yangu, na mimi nilikuwa nimemfasiria kijinga. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nilimtupa buu chini nikamkanyaga, nikaendelea kukanyaga mahali alipokuwa. Mama alinitazama tu. Kisha akainama, akaanza kuokota maembe yaliyoanguka.

Nilitafuta mtu mwingine wa kilimo. Safari hii alikuja msichana, mgeni kazini, aliyepanda bodaboda, ndala miguuni na kisu kidogo mfukoni. Aliposhuka alisema "Asalaam aleikum, mama," akaingia moja kwa moja kwenye matope. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari kila dalili, kwa mpangilio, kwa Kiswahili ambacho hata mwalimu wangu wa zamani angekipigia makofi. Nikafungua mdomo.

"Wewe nyamaza kidogo, hooyo," mama akaniambia kwa Kisomali. Kwetu mama humwita mtoto wake hooyo, kama mtoto anavyomwita yeye, na siku zote neno hilo hunipoza. Siku ile halikunipoza. Akamgeukia msichana. "Mimi nasema. Kiswahili yangu mbaya, lakini sikia."

"Sema tu, mama. Nasikia."

"Mti hii iko na suus. Suus, kama jino. Jino nje iko meube, nzuri. Ndani nakula, nakula, mbaka mfuba." Akapiga shina kwa kiganja. "Mchwa natoka chini, nataka kitu kafu. Hii hataki kitu kafu. Hii nakula mti hai. Dawa mimi namwaga hapa," akaonyesha mizizi kwa mguu, kisha akainua mkono juu ya kichwa chake, "yeye iko hapa, nacheka. Weka sikio."

Msichana akaweka sikio. Alikaa hivyo muda mrefu, macho ameyafumba, shavu lake limebanwa kwenye gome. Mimi nilisimama na daftari langu. Maneno ya mama yalikuwa yamevunjika kila kiungo, upatanisho wote umekwenda na maji, na yalikuwa yamefika. Yangu yalikuwa mazima na hayakuwahi kufika popote.

"Nimemsikia," akasema msichana, akifumbua macho. "Mama, hakuna mkulima aliyenieleza vizuri hivi. Huyu ni mbawakawa anayetoboa shina. Anataga kwenye gome, mtoto wake anaingia ndani anakaa huko muda mrefu. Dawa ya kwenye udongo haimgusi hata kidogo." Akabandua gome, akatuonyesha. "Tungemkamata mapema tungemtoa kwa waya, tundu kwa tundu. Nani alisema ni mchwa?"

Nikalifunga daftari. Mama alikuwa anafunga upya shungi lake.

"Watu ya ofisi," akasema.

Alinisitiri. Mbele ya mgeni alinisitiri, kwa Kiswahili kile kile nilichokuwa nimekionea haya, na nikajikuta nimemkasirikia hata kwa hilo, kwa sababu sikuwa na pa kuiweka shukrani.

Msichana alipita mti kwa mti akiweka alama. Mitano ingeweza kuponywa. Alimfundisha mama kuingiza waya wa tairi la baiskeli kwenye tundu, kuuzungusha mpaka ukamnasa buu, kumtoa, kisha kuziba tundu kwa pamba yenye mafuta ya taa na udongo juu yake. Mama alijua kuushika waya ule kabla hajamaliza kuelezwa. Ile tisa ilikuwa imekwisha. Ilibidi ikatwe na kuchomwa pale pale, kila kipande, kwa maana kuni zinazoondoka hapo zinaondoka na mdudu.

Tuliikata kwa siku mbili. Mama alikataa kukaa nyumbani. Alisimama kwa kila mti mpaka ulipolala, na kila ulipolala alitamka mwaka alioupanda kwa kutaja yaliyokuwa yakitokea: huu wa mwaka wa surua, huu ulikuwa na kimo cha goti baba yenu alipofariki, huu ulipandwa ukiwa hujaota meno. Sikujua kwamba miti ile ilikuwa na umri kama watu. Nilidhani ni miembe tu ya mama. Tuliyarundika magogo katikati ya shamba, mengi yakiwa yamekauka yenyewe, tukayashindilia matawi na majani ndani.

Ndipo jirani alipokuja na mkokoteni wake wa punda.

Alisalimia vizuri. Alisema pole, Mungu atalipa. Akasema amesikia tunachoma mbao, na kuchoma mbao ni kufuru wakati watu wanapikia, basi atusaidie kuziondoa. Alikuwa ameshalishika gogo la kwanza.

Nilimrukia kwa maneno. Nilimwambia aliweke chini. Nilimwambia ni yeye, ni magogo yake, ni lori lake, ni yeye aliyempandisha mdudu huyu kwenye ua wetu na kumwacha miezi avuke apendavyo. Nilimwambia amemuua mama yangu akiwa hai. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki kwa kuwa wazazi wake ni marehemu. Mzee yule aliliachia gogo, akarudi nyuma mpaka kwa punda wake. Alikuwa ametoa macho.

"Wallahi sikujua," alisema. "Kuni ni kuni. Mimi nitajuaje kilichomo ndani ya kuni?"

Nilizidi kupaza sauti. Nilikuwa nimepata mtu hatimaye, mtu aliyesimama mbele yangu, asiyezima simu, na sikuwa na nia ya kumwachilia. Sijui ningefika wapi. Mama alikuwa upande wa pili wa rundo akimwaga mafuta ya taa kutoka kwenye dumu. Aliliweka dumu chini, akaja akasimama kati yetu, akanishika kifundo cha mkono.

"Mwache," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kuniita kula. "Huyu hakujua. Wewe nilikuambia."

Kisha akanipa kiberiti, akaenda kuwahamisha mbuzi kutoka mahali ambapo moshi ungepita.